"Toa Themostati, Gari Litapoa": Kweli na Uzushi Kuhusu Magari ya Zamani Yanayochemsha

Ukitaka ushauri wa bure Mtwara, egesha gari linalochemsha pembeni ufungue boneti. Mtu wa kwanza atakwambia utoe themostati, kwa sababu "ile ni ya nchi za baridi". Wa pili atakushauri ufunge rejeta kubwa ya Fuso. Wa tatu anamjua fundi wa kukuwekea swichi ya feni kwenye dashibodi, umeme moja kwa moja kutoka kwenye betri. Kuanzia Oktoba, korosho zikianza kuingia maghalani na joto la kabla ya mvua likishika kasi, ushauri wa namna hii huongezeka sambamba na magari yanayofuka mvuke kwenye barabara ya Masasi.

Ugumu ni kwamba ushauri mzuri na ule wa kuua injini hutolewa kwa sauti ileile ya uhakika. Swichi ya feni ni kitu cha maana ikifungwa vizuri, na inaweza kuliunguza gari ikifungwa ovyo. Kutoa themostati ni jambo la kufanya gari likikukwamia porini, si matengenezo. Rejeta kubwa, mara nyingi, ni pesa iliyotupwa.

Tuanze na kinachotokea ndani. Injini inapounguza mafuta, kwa makadirio ya jumla ni theluthi moja tu ya nguvu iliyomo inayogeuka kuwa kazi ya kuzungusha injini. Theluthi nyingine hutoka na moshi. Iliyobaki ni joto ambalo lazima lichukuliwe na maji, la sivyo chuma kitapinda. Wota pampu huyazungusha maji hayo kwenye silinda na hedi, lile bamba nene la chuma linalofunika silinda kwa juu, kisha huyapeleka kwenye rejeta, ambayo ni mirija mingi myembamba iliyofungamanishwa na vibati vya kupitisha upepo. Gari likikimbia, upepo wa mwendo unatosha. Likisimama au likitambaa, feni ndiyo inayouvuta.

Themostati ni vali ndogo yenye nta ndani. Maji yakiwa baridi inafunga, na maji yanazunguka ndani ya injini tu mpaka ipate moto. Nta ikitanuka, vali inafunguka na maji yanaanza kwenda kwenye rejeta. Kwa magari mengi ya Kijapani kazi hiyo huanza kwenye nyuzi 82 hivi, na namba yenyewe huwa imegongwa kwenye chuma cha themostati. Isome kabla ya kununua nyingine.

Kuna kifaa kimoja kinachodharauliwa kuliko vyote: mfuniko wa rejeta. Maji yaliyo wazi huchemka kwenye nyuzi 100. Mfuniko ulioandikwa 1.1, yaani kipimo cha presha, huyabana, na sasa yanaweza kufika karibu nyuzi 120 bila kuchemka, sawa na maharage kwenye sufuria ya presha. Mpira wa mfuniko ukichoka, presha inapotea, na gari ambalo halina kosa lolote jingine linaanza kutema maji. Watu wameshusha hedi kwa sababu ya mfuniko.

Je, joto la huku Kusini lina lawama? Lina, ila ndogo kuliko tunavyodhani. Kinachopoza maji ni tofauti kati ya joto lao na joto la hewa inayopita kwenye rejeta. Maji yakiwa nyuzi 90 na hewa ni 25, tofauti ni 65. Hewa ikipanda hadi 32, kama mchana wa Desemba pale Mtwara mjini, tofauti inabaki 58. Umepoteza kiasi cha sehemu moja ya kumi ya uwezo wa kupoza. Mfumo mzima una akiba kubwa kuliko hiyo. Land Cruiser hizihizi zinatembea Uarabuni, ambako joto hupita nyuzi 45, na themostati zao zimo ndani. Kwa hiyo gari likichemsha hapa kwetu, hali ya hewa imefichua tu ubovu uliokuwepo.

Sasa ile kauli ya "toa themostati". Maelezo yanayozoeleka dhidi yake ni kwamba ukiitoa, maji yatapita rejeta haraka mno yasipate muda wa kupoa. Maelezo hayo si sahihi. Maji yanayokwenda haraka hubeba joto jingi zaidi, maana hurudi kwenye rejeta mara nyingi zaidi. Sababu ya kweli iko kwenye umbo la themostati yenyewe. Ishike mkononi uitazame. Katika injini nyingi za Toyota, zikiwemo dizeli za Land Cruiser, chini ya vali kuu kuna kisahani cha pili. Vali ya juu inapofungua njia ya rejeta, kisahani hicho kinaziba njia ya mkato inayoyarudisha maji kwenye injini bila kupoa. Ukiitoa yote, njia ya mkato inabaki wazi daima, na sehemu ya maji yako haioni rejeta kabisa. Kwa hiyo kuna magari yanayochemsha zaidi baada ya "kuondolewa tatizo", hasa yakibebeshwa mzigo na kupandishwa mlima.

Kwenye injini zisizo na kisahani hicho, madhara ni ya polepole. Injini inafanya kazi ikiwa baridi kupita inavyotakiwa, oili inabaki nzito, na gari ambalo mafuta yake hupimwa na kompyuta linaendelea kuyamimina likidhani ndiyo kwanza limewashwa asubuhi. Dereva anaona mshale wa joto umelala chini, anafurahi. Bili ya petroli haisomi mshale.

Kuijaribu themostati hakuhitaji fundi. Ifunge uzi, itumbukize kwenye sufuria ya maji bila kugusa chini, uweke jikoni. Inatakiwa ianze kufunguka kabla maji hayajachemka na ijifunge tena yakipoa. Ikigoma, tupa. Unaporudisha nyingine, tazama kitundu kidogo chenye kipini kinachotikisika pembeni mwa sahani yake: kawaida kinakaa upande wa juu, ili hewa ipite pale unapojaza maji. Mafundi wenye haraka huiweka vyovyote, halafu hewa inanaswa na gari linachemsha likiwa na themostati mpya kabisa.

Gari lako linachemsha wapi?

Swali hili lina thamani kuliko vifaa vingi vya dukani, na huulizwa mara chache. Kuna gari linalopanda mshale likiwa kwenye foleni ya kushusha korosho ghalani, injini inaunguruma, halisogei. Likiondoka na kushika lami, mshale unashuka. Na kuna gari linalokaa kwenye foleni kutwa bila shida, lakini likianza kuupanda ukingo wa uwanda wa Makonde kuelekea Newala, tela likiwa nyuma, mshale unakwenda juu. Hayo ni magonjwa mawili tofauti.

La kwanza linakosa upepo. Maji yapo, yanazunguka, rejeta inapitisha. Feni ndiyo haifanyi kazi yake. Kwenye gari la feni inayozungushwa na mkanda, mshukiwa ni feni klachi, ile duara ya chuma katikati yenye mafuta ya silikoni. Zima injini ikiwa moto, chomoa ufunguo, izungushe feni kwa mkono. Ikiwa inazunguka kwa uhuru mizunguko kadhaa bila kizuizi, klachi imekufa. Kwenye feni ya umeme, usiweke mkono kabla ya kuchomoa plagi yake, kwa sababu baadhi hujiwasha hata gari likiwa limezimwa.

Kuna ujanja mmoja mzuri kwa baadhi ya Toyota za petroli za miaka ya 1990. Tafuta swichi ya joto ya feni, iliyofungwa kwenye rejeta au kwenye mdomo wa maji wa injini, kisha chomoa plagi yake ufunguo ukiwa umewashwa. Swichi hizo hukata umeme joto likipanda, na mfumo huwasha feni unapoona mzunguko umekatika. Kwa hiyo kuchomoa plagi ni sawa na kuuambia kuna joto. Feni ikizunguka, mota, fyuzi na rilei (swichi inayotumia umeme mdogo kuwasha mkubwa) ni nzima, na unaweza kufika nyumbani plagi ikiwa imening'inia. Isipozunguka, anza na fyuzi.

Kabla hujanunua feni nyingine, angalia kama lile kava la plastiki linaloizunguka feni bado lipo. Magari mengi ya zamani hayana. Lilifunguliwa siku moja ili kubadili mkanda, likaachwa kwenye kona ya gereji. Bila kava, feni inavuta hewa ya pembeni, ile yenye joto la injini, badala ya kuivuta kupitia rejeta nzima. Kulitafuta lile la mtumba kwenye magari yaliyokatwa ni maboresho halisi na ya bei nafuu kuliko yote nitakayoyataja hapa.

Gari la mlimani lina shida ya maji. Ama rejeta imeziba kwa ndani, ama wota pampu imeliwa mapanga, ama mpira wa chini, ule unaorudisha maji kutoka rejeta kwenda injini, unajikunja unapovutwa, ama mfuniko umechoka. Kuziba kwa nje nako kumo: ukisafiri msimu wa kiangazi kwenye barabara za vumbi za Liwale au Nachingwea, mbegu za nyasi na wadudu hujaa kati ya rejeta na kondensa ya AC, ile inayofanana na rejeta na kukaa mbele yake, mahali ambapo jicho halifiki. Mulika tochi katikati yao. Ukiosha, mwaga maji kutoka upande wa injini kwenda nje, kwa presha ndogo, maana ile mashine ya kuoshea magari hulaza vibati vyote na kuziba ulichokuwa unakizibua.

Maji gani?

Hapa ndipo pwani yetu inapoyamaliza magari taratibu. Maji ya visima vingi vya karibu na bahari yana chumvi, na visima vingine vina chokaa ambayo ukiyachemsha inaacha ukoko mweupe kwenye birika. Ukoko huohuo unajenga ndani ya mirija ya rejeta ambayo upana wake ni milimita chache. Chumvi nayo inakula alumini. Ukikwama Mikindani, maji ya bahari usiyafikirie hata kidogo. Maji ya mvua yaliyokingwa vizuri, ambayo watu wa Newala na Tandahimba wameyategemea miaka mingi kwa sababu uwanda wao hauna mito, ni bora kwa rejeta kuliko maji ya kisima chochote cha pwani.

Na kulanti, ile dawa ya dukani ya kuchanganya na maji ya rejeta, je? Wapo wanaosema haina kazi kwetu kwa kuwa maji hayagandi. Kuzuia kuganda ni nusu tu ya habari. Kilichomo ndani ya kulanti na ambacho tunakihitaji ni dawa za kuzuia kutu na kulinda alumini na sili ya wota pampu. Mchanganyiko wa nusu kwa nusu pia hupandisha kiwango cha kuchemka kwa nyuzi chache. Lakini kumimina kulanti tupu bila maji ni kosa, kwa sababu maji hubeba joto vizuri kuliko yenyewe. Soma chupa: nyingine zimeshachanganywa, nyingine ni za kuchanganya. Rangi isikupe uhakika, kwani kijani, nyekundu na bluu ni rangi tu zinazochaguliwa na mtengenezaji, na aina mbili tofauti zikikutana zinaweza kudhoofishana. Na kwa kuwa kulanti nyingi zina ladha tamu na ni sumu, usiimwage uani penye watoto, kuku na mbuzi.

Kujaza maji nako kuna namna yake, hasa kwa Noah za zamani, zile ambazo injini iko chini ya viti na rejeta iko mbele. Mipira yake ni mirefu na hewa inanasa kwa urahisi. Egesha pua ikitazama juu ya mwinuko, fungua hita, jaza polepole ukiuminya mpira wa juu kwa mkono, washa injini mfuniko ukiwa wazi mpaka themostati ifunguke na kiwango kishuke, ongeza, funga. Kesho asubuhi injini ikiwa baridi, tazama tena.

Ukiwa umekwama

Kati ya Nangurukuru na Lindi kuna vipande virefu visivyo na gereji, kwa hiyo fundi wa kwanza ni wewe. Mshale ukianza kupanda, zima AC na uwashe hita mpaka mwisho, madirisha wazi. Desemba abiria watakuona umerukwa na akili, lakini hita ni rejeta ndogo ya pili. Mvuke ukishatoka au maji yakivuja, simama na uzime. Mfuniko usiguswe. Maji yaliyo ndani yamepita nyuzi 100, na presha ikiachiwa yanageuka mvuke papo hapo usoni kwako. Subiri nusu saa au zaidi, mpaka mpira wa juu ubonyezeke mkononi bila kuunguza. Kisha ongeza maji kidogo kidogo. Kumwaga ndoo ya maji baridi kwenye chuma chenye moto ndiko kunakopasua hedi.

Mpira uliopasuka karibu na ncha, ukate pale palipopasuka uurudishe, kama urefu unaruhusu. Ukipasuka katikati, ukaushe kabisa, ukwangue, uufunge kwa utepe uliokatwa kwenye tyubu ya baiskeli, ukiuvuta kwa nguvu na kila mzunguko ukipanda juu ya nusu ya uliotangulia, kuanzia mbali kabla ya ufa hadi mbali baada yake. Halafu ulegeze mfuniko hadi hatua ya kwanza ili presha isijengeke. Kumbuka maana yake: sasa maji yanachemka kwenye nyuzi 100, kwa hiyo utaendesha polepole na kusimama mara kwa mara. Mrija wa rejeta unaovuja hukatwa na kukunjwa kwa koleo. Utapoteza mrija mmoja, hutapoteza rejeta. Tanki la plastiki lenye ufa linashika kwa gundi ya chuma ya kuchanganya, mradi upake kwenye sehemu kavu iliyopigwa msasa.

Na mayai, manjano, pilipili, tumbaku? Vinaziba kweli. Tatizo havichagui cha kuziba: vinaziba tundu, halafu vinaziba mirija ya rejeta na ya hita. Mtu aliyekwama gizani maeneo ya Mbwemkuru sitamlaumu, ila akifika mjini asafishe mfumo wote siku hiyohiyo.

Maboresho yenye maana

Swichi ya feni ya dharura ni jambo zuri, kwa masharti. Umeme mkubwa upite kwenye rilei, fyuzi ikae karibu na betri, waya uwe mnene, milimita 4 za mraba unatosha kwa feni nyingi. Swichi ya dashibodi iwashe rilei tu. Waya wa spika, ambao nimeuona kwenye magari mengi kuliko ninavyopenda, hauwezi kubeba umeme wa mota hiyo. Unayeyuka, na gari lina petroli.

Kipimo cha pili cha joto ni bora zaidi. Mshale wa kiwandani una tabia mbili mbaya. Kwanza, kwenye magari mengi umetengenezwa ukae katikati ingawa joto linapanda na kushuka kwa nyuzi nyingi, ukaja kustuka mambo yameshaharibika. Pili, maji yakiisha kabisa, sensa inabaki hewani na mshale unaweza kushuka, dereva akadhani gari limepona. Kipimo kinachofungwa kwa boliti kwenye chuma cha hedi, chenye kengele, hakidanganyiki kwa namna hiyo.

Rejeta kubwa iweke mwisho wa foleni. Ya gari jingine haikai kwenye kava la feni lako, huning'inizwa kwa vyuma vya kuchomelea, na mtikisiko wa barabara unaipasua. Ukibeba mizigo mizito kila siku, mpe fundi rejeta yako ya shaba aitengeneze upya na mirija ya safu ya ziada. Boneti iliyoachwa wazi kidogo kwa nyuma inatoa joto ukiwa umesimama, lakini ukikimbia, upepo unaobanana chini ya kioo cha mbele huingia humo na kupunguza ule unaopita kwenye rejeta. Taa kubwa za ziada zilizopangwa mbele ya grili nazo zinaziba. Zinapendeza, sikatai.

Yote haya yanahusu gari ambalo gasketi ya hedi, ile inayoziba kati ya hedi na silinda, bado ni nzima. Washa injini asubuhi ikiwa baridi. Mpira wa juu ukiwa mgumu kama jiwe ndani ya dakika moja au mbili, hiyo ni presha ya silinda inayoingia kwenye maji. Povu lisiloisha kwenye rejeta, moshi mweupe wenye harufu tamu usiokoma injini ikishapata moto, au oili yenye rangi ya chai ya maziwa, ni habari hiyohiyo. Hapo hakuna utepe wa tyubu wala swichi. Hedi ishushwe, ipelekwe kwa fundi mashine apime kama imepinda, na kabla ya kufunga gasketi mpya atafutwe aliyeiua ya zamani: feni, mfuniko au rejeta. Mpaka siku hiyo gari livutwe, hata kama zimebaki kilomita chache kufika Mnazi Mmoja. Na likiwa la gia otomatiki, magurudumu yanayosukuma yainuliwe kwanza, usije ukaongeza gharama ya gia boksi juu ya ile ya hedi.